Ndege Hufundwa Kabla ya Kuachiwa

Hotuba kwa wanafunzi wa klabu ya sayansi na wazazi wao, Tanga, Jumamosi saa moja asubuhi. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaongeza vipimo vichache ambavyo wanafunzi waliniomba baadaye.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanangu mlioamka na jogoo siku ya Jumamosi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kufika mapema. Saa hii niliiomba mimi, na sababu yake mtaiona kabla sijakaa.

Nilichoshika mkononi ni ndege. Walio nyuma naomba msimame kidogo muione. Mabawa yake yana sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha. Kiwiliwili ni kijiti kimoja tu. Fremu za mabawa na mkia ni chelewa, hizi hizi tunazofagilia ua. Nimezipasua kwa wembe, nikazipara mpaka zikawa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, kisha nikabandika juu yake karatasi laini ya kufungia zawadi. Injini yake ni huu utepe wa mpira, umefungwa ncha kwa ncha ukawa kitanzi. Wiki iliyopita nilimwomba sonara aipime kwenye mizani yake ya dhahabu. Gramu 11, na mpira wake ndani. Yai moja la kuku wa kienyeji lina uzito wa ndege kama hizi tatu au nne.

Ndege hii haina rubani. Haina rimoti. Haina hata uzi kama kishada. Kishada kikilala upande unavuta uzi, kinainuka. Wewe na kishada mnazungumza muda wote. Hii ukishaiachia, mazungumzo yamekwisha. Upepo ukiipiga ubavuni, pua ikizama, huna la kuifanyia. Chochote inachohitaji huko juu uwe umeshakiweka ndani yake ukiwa bado umeishika.

Akina mama mliopo hapa mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwali hufundwa kabla ya kutoka nyumbani. Kungwi hatamfuata huko aendako kumnong'oneza sikioni. Ndiyo maana kazi hii mimi huiita kuifunda ndege, na hilo ndilo nililokuja kulizungumza leo: inafundwaje hata ijue kujirekebisha yenyewe ikiwa peke yake hewani.

Kuna kijana mmoja wa Paris alilishughulikia swali hili vizuri kuliko watu wa zama zake. Jina lake Alphonse Pénaud, alizaliwa 1850. Baba yake alikuwa amiri wa jeshi la majini, naye alitaka kumfuata baharini, lakini ugonjwa wa nyonga ulimzuia. Akayageuza macho yake kwenye hewa. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries, alisimama mbele ya wanachama wa chama cha wapenzi wa urukaji akiwa na ndege ndogo ya mabawa yapatayo sentimita 45, yenye uzito wa gramu 16 hivi. Pangaboi, yaani lile panga linalozungushwa na mpira na kuisukuma ndege, lilikuwa nyuma, mpira ulipita chini ya kijiti. Akausokota mpira, akaachia. Ndege ikaruka sekunde 11, kama mita 40, bila kupinduka. Alikuwa na miaka 21. Miaka 32 ilikuwa bado kabla ndege yenye injini na mtu ndani haijaruka.

Sitaki mkazanie sekunde 11. Kazanieni kwamba haikupinduka. Tazameni hapa mkiani. Mnaona kibao cha nyuma, ukingo wake wa mbele umeinama kidogo kuliko wa bawa? Tofauti ya pembe zao ni nyuzi mbili au tatu tu. Ndege ikizamisha pua inaongeza mwendo. Mwendo ukiongezeka, hewa inakisukuma zaidi kibao hiki kwenda chini. Mkia ukishuka, pua inainuka. Ikipunguza mwendo mno, msukumo huo unalegea, pua inashuka, mwendo unarudi. Hakuna aliyeigusa. Sasa tazameni mabawa. Hayakulala sawa, yameinuka kwenye ncha kama mikono ya mtu anayeomba dua. Ndege ikiegemea kushoto inateleza kuelekea kushoto. Bawa lililo chini linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, linainuliwa, ndege inakaa sawa. Pénaud aliyaweka yote mawili kwenye kile kijindege chake, na aliyafanyia hesabu. Baadaye, 1876, yeye na fundi mwenzake walichukua hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya ndege kubwa ya kubeba watu wawili, lakini hakupata wa kumpa fedha. Alifariki Oktoba 1880 akiwa na miaka 30. Mimi kila nikilipinda bawa juu ya moto wa mshumaa namkumbuka kijana yule, na napenda nanyi mlijue jina lake.

Kazi yake haikufa naye. Alikuwa ametengeneza pia helikopta ndogo ya mpira, na vichezeo vya namna hiyo vilisambaa hadi Marekani. Mwaka 1878 baba mmoja, askofu Milton Wright, alirudi nyumbani na kimoja cha kizibo, mwanzi na karatasi, akawarushia wanawe. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kiliruka hadi darini. Watoto wale wakakiita popo, wakatengeneza vyao, na wakataka vikubwa zaidi. Kadiri walivyovikuza ndivyo vilivyokataa kuruka. Wakati ule hawakujua kwamba ukiongeza urefu mara mbili uzito unakimbia mbele kuliko eneo la mabawa, na nguvu inayohitajika inaongezeka mara nyingi zaidi. Desemba 17, 1903, ndugu hao hao waliruka kwa ndege yenye injini huko Kitty Hawk, Marekani, kwa sekunde 12. Na ndege yao haikuwa ya kujirekebisha kama ya Pénaud. Ilitaka mtu aishike muda wote. Walikuwa na sababu zao, maana mtu alikuwemo. Ndani ya hii yangu hakuna mtu, kwa hiyo nimebaki na Pénaud.

Kosa la watoto wale nililifanya mimi nikiwa mtu mzima na mwalimu wa fizikia. Ndege yangu ya kwanza, miaka 9 iliyopita, niliiunda kwa vipande vya mbao kutoka kwa seremala, gundi ya mbao na karatasi za daftari. Ilikuwa na gramu 38. Ikaanguka miguuni pangu. Nikaongeza mpira, na mpira nao una uzito, ikaanguka kwa kishindo zaidi. Nilihangaika hivyo miezi miwili mpaka nikaichukua ile ndege nikaanza kuipunguza badala ya kuiongezea. Nilichukua wembe nikapara kila kijiti. Nikaacha kupaka gundi kama siagi, nikaweka tone kwa ncha ya sindano. Karatasi ya daftari nikaibandua. Ilipofika gramu 19 ikavuka uwanja wa mpira wa pete.

Duniani kote mafundi wa ndege hizi hutumia balsa, mti mwepesi kupita kiasi wa Amerika ya joto. Mwingi unatoka Ecuador. Hapa kwetu kuupata ni shida na bei yake si ya mwanafunzi. Nimejaribu vingi. Bua la mtama lililokauka lina moyo mwepesi sana, zuri kwa kujaza pua, lakini halina uti. Ile nguzo ndefu inayotolewa na mkonge ukikaribia kufa, ndani ni nyepesi na inakatika vizuri. Hiki kijiti cha kiwiliwili kimetoka humo, nilikipasua kutoka nguzo iliyokauka shambani. Mwanzi unapindika ukiupitisha taratibu juu ya mshumaa, na ukipoa unabaki ulivyoupinda. Chelewa ndiyo malkia. Ni nyepesi, inanepa bila kuvunjika, na kila nyumba inayo.

Pangaboi ndilo linalowashinda wengi. Chukueni kopo la mtindi, lile la plastiki nyembamba. Chora umbo la jani kwenye ubavu wake, lakini usilisimamishe wima. Liegemeze nyuzi 15 hivi kutoka kwenye mstari wa wima. Kata mawili yanayofanana, yote yameegemea upande mmoja. Ule mviringo wa kopo pamoja na ule mwegemeo vinaipa plastiki msokoto, shinani jani limesimama, nchani limelala, na hivyo ndivyo pangaboi linavyotakiwa kuwa, kwa sababu ncha inakwenda kasi kuliko shina. Yabandike kwenye kijiti kifupi. Ekseli ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa, na kati ya pangaboi na pua weka ushanga mmoja uliopakwa mafuta. Bila ushanga pangaboi linakwaruza pua, na nguvu uliyoisokota kwa jasho inaishia kwenye msuguano.

Sasa mpira wenyewe. Hapa naomba dakika zaidi, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mpira si mgeni Tanga. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa na mashamba ya mipira katika nchi hii tunayoikalia, mpaka bei ilipoanguka 1913 kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia. Waliuza kwa tani. Mimi nitawaonyesha gramu 2.

Mpira mzuri wa asili, ukisokotwa hadi karibu na kikomo, unashika nishati kiasi cha kuuinua uzito wake wenyewe kimo cha kilomita moja hivi. Springi ya chuma yenye uzito uleule haiukaribii hata kidogo. Lakini siyo kila mpira. Wavulana wa manati mnajua, kuna tyubu inayorusha na tyubu mvivu. Tyubu nyingi za siku hizi ni za mpira wa viwandani uitwao butili. Butili inashika upepo vizuri sana, ndiyo maana inatumika kwenye tyubu, ila ukiivuta hairudishi chote ulichokipa. Kinachobaki kinageuka joto. Tafuteni mpira wa asili, hata ule wa kufungia noti, mchague ulio laini na mpya.

Ukishaupata, uoshe kwa maji na sabuni kuondoa ule unga wake, uukaushe kivulini, uupake mafuta ya nyonyo kidogo sana. Bila mafuta nyuzi zinasuguana na kukatana zikisokotwa. Msipake vaselini wala mafuta ya taa, yanauozesha. Ukimaliza kuruka uuhifadhi mahali pa giza, kwenye kopo lenye kifuniko. Jua linauchakaza mpira upesi.

Halafu kuusokota. Mtu asiyejua anazungusha pangaboi kwa kidole mpaka kidole kinachubuka, anafika misokoto 150, anaachia. Njia yenyewe ni hii. Mwenzako ashike ndege. Wewe unachukua drili ya mkono, ile ya gia, uliyoifunga kulabu mdomoni. Unanasa mpira, unarudi nyuma, unauvuta mpaka unakuwa mara nne au tano ya urefu wake. Unasokota nusu ya misokoto yote ukiwa umesimama pale pale. Kisha unaanza kusogea mbele hatua kwa hatua huku unaendelea kusokota, hata ukifika puani mwa ndege misokoto imetimia. Drili yangu ukizungusha mkono mara moja kulabu inazunguka mara nne, kwa hiyo mizunguko 150 ni misokoto 600. Utaona mpira unafunga fundo, fundo zinapangana mstari, kisha unaanza mstari wa pili juu ya wa kwanza. Ukisikiliza utasikia unalia, mlio mwembamba kama mlango wa mbali. Hapo simama.

Siku moja sikusimama. Nilitaka misokoto 50 zaidi. Mpira ukakatika karibu na mkia, wote ukajikunja mbele kwa mara moja. Kijiti kilivunjika mahali patatu, karatasi ya bawa la kushoto ikachanika kutoka shina hadi ncha, na kipande cha mpira kikanipiga chini ya jicho. Alama nilikaa nayo wiki nzima. Kwa hiyo mtoto yeyote atakayesokota leo atavaa miwani ile pale mezani. Hilo sijadiliani na mtu.

Tufike kwenye kufunda kwenyewe. Usianze na mpira uliosokotwa. Nenda kwenye majani marefu, ishike ndege chini ya bawa, isukume mbele taratibu, pua ikitazama kidogo chini, kama unayemkabidhi mtu kikombe cha chai. Ikizama puani, bandika chembe ya plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, mkiani. Ikiinua pua, ikasita, ikaanguka, ikainua tena kama mashua kwenye mawimbi, chembe iende puani. Mpaka itelemke kwa mstari mrefu mmoja. Baada ya hapo misokoto 100, siyo zaidi. Sasa itakuonyesha tabia nyingine: pangaboi likizunguka upande mmoja, kiwiliwili kinataka kuzunguka upande wa pili, na ndege inaegemea kushoto. Weka kipande cha karatasi nyuma ya kishikio cha pangaboi ili pua itazame kulia kidogo. Ikipanda wima mno misokoto ya mwanzo ikiwa na nguvu, pua itazame chini kidogo. Kisha 200. Kisha 300.

Na kila mara ubadili kitu kimoja tu. Nawasihi sana kwenye hili. Nimewaona wanafunzi wangu, na nimejiona mwenyewe, tukisogeza bawa, tukiongeza plastisini na kupinda usukani wa mkiani kwa pamoja, ndege ikaruka vizuri na hatukujua kwa nini. Kesho yake haikuruka na hatukujua kwa nini vilevile. Beba daftari. Andika ulichobadili, andika ndege ilijibu nini. Daftari langu lina kurasa nyingi kuhusu ndege hii moja, nitaliacha hapa mezani mlisome.

Huko nje watu wameifikisha kazi hii mbali. Lord Wakefield wa Uingereza alitoa kombe la ndege za mpira, lililoshindaniwa 1928, na daraja hilo la ndege bado linashindaniwa katika ubingwa wa dunia: ndege isiyopungua gramu 200 bila mpira, na mpira usiozidi gramu 30. Katika raundi za kawaida ikifika dakika 3 imekamilisha, haihesabiwi zaidi. Kuna wengine wanaorushia ndani ya majengo ambako hakuna upepo. Ndege zao zina gramu 1.4, mabawa sentimita 55, mpira gramu 0.4, na pangaboi linazunguka taratibu mno hata unaweza kulihesabu kwa macho. Hukaa hewani nusu saa. Mashindano yao yamefanyika mara kadhaa ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic, Rumania, karibu mita 200 chini ya ardhi, kwa sababu hewa ya humo imetulia. Ndege ndani ya mgodi! Siku nitakayofika pale nitalia.

Kwa nini dakika 3 tu? Kwa sababu ya hewa moto inayopanda. Mnamwona mwewe anavyozunguka bila kupiga bawa? Amekaa juu yake. Ndege ya mpira ikiingia humo haishuki tena mpira ukiisha, inapanda. Mwaka juzi niliachia ndege yangu ya saba saa nne asubuhi juu ya uwanja wenye vumbi. Mpira uliisha kwa dakika moja na nusu, nikaiona ikiendelea kuzunguka, ikiwa ndogo, ikiwa ndogo zaidi, na mwewe mmoja kando yake. Nilikimbia hadi ukingo wa shamba la mkonge, nikasimama. Dakika ya tisa ikawa nukta, kisha nukta ikazama kwenye mwanga. Sijaiona tena. Nilikuwa nimeifunda kila kitu isipokuwa kurudi.

Hii ya leo imefundwa na hilo. Huu mkia umeshikwa na kimpira, na kimpira kinashikwa na kitufe kinachozunguka polepole ndani ya ute mzito. Baada ya dakika mbili kitufe kinaachia, mkia unainuka, ndege inashuka imelala, taratibu, kama jani la mwembe. Zamani, badala ya kitufe, walitumia uzi wa pamba unaoungua polepole. Kwenye nyasi zetu kavu msithubutu.

Basi. Tazameni bendera ya shule kupitia dirisha hilo: imelala kwenye mlingoti. Ndiyo sababu niliomba saa moja. Tuna kama nusu saa ya utulivu kabla upepo wa baharini haujaamka, na ukiamka hatuna ndege tena mpaka kesho. Drili iko mezani na miwani iko mezani. Wa kwanza kuachia ni yule binti wa kidato cha pili aliyekata pangaboi hili, kopo la mtindi lilikuwa la kwao. Mwanangu, njoo uishike hapa chini ya bawa, vidole viwili, usiibane. Wengine tufuateni uwanjani, na mkae nyuma ya mstari wa chokaa.